Usimwambie Baba Kabla Hujamuuliza Mama

Haya niliyaongea Jumamosi kule Igombe, Mwanza, kando ya ziwa, mbele ya akina mama, wazee wa mtaa na vijana wanaosomea uuguzi na upigaji picha za utrasaundi. Wengi waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile yalivyotoka mdomoni, kuanzia salamu ya Kisukuma.

Mwangaluka mayu, mwangaluka bhabha. Kaeni tu, wenye mimba sogeeni huku kwenye kivuli, na nyie mliovuka na boti ya alfajiri poleni na upepo, najua ziwa leo limechafuka.

Kazi yangu mnaijua, napiga utrasaundi, ile picha ya mtoto akiwa tumboni, mwaka wa 14 huu niko kwenye kile chumba chenye pazia, mama kalala, tumbo limepakwa ile jeli ya baridi, mi nimeshika kidude macho yako kwenye skrini, na nawaambia kweli ndugu zangu, swali ninaloulizwa la kwanza sio kama mtoto ni mzima, sio kama moyo unadunda, swali la kwanza ni "dokta, wa kike au wa kiume?" Na mara nyingi anayeuliza sio yule aliyelala. Ni yule aliyesimama.

Nimekuja kuongelea hilo swali tu. Nani ajibiwe, lini, kwa maneno gani, na kama ni halali sisi wataalamu kulijibu vile tunavyolijibu siku hizi, maana tunajibu kama mtu anayetaja bei ya sato pale soko la samaki la Mwaloni.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mama mwenye habari hii ameniruhusu niisimulie, jina simtaji. Alikuja akitokea visiwani, mimba ya wiki 22, mumewe kamsindikiza, jambo ambalo mi nalipenda sana maana wanaume wengi hawaji. Nyumbani wana mabinti wanne. Nikapima kila kitu nikakuta kiko vizuri, kichwa, uti wa mgongo, moyo, maji, kondo la nyuma limekaa juu mbali na njia. Mume akauliza. Na mi bila kufikiri, tena kwa furaha kabisa, nikasema "ni binti tena mama, hongera". Yule baba hakusema neno. Akatoa simu akaangalia saa, akatoka nje, nikajua kaenda kulipa. Mama akajifuta jeli taratibu, akafunga kitenge chake, akaniuliza, "dokta una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika, na nikamgeuzia skrini nikamwonyesha kwa kidole, yani badala ya kumwona yeye mi niko bize kuthibitisha kwamba najua kazi. Alipotoka nje hakumkuta mtu.

Nilimwona tena mimba ikiwa na wiki 36, kaletwa na dada yake, uso umevimba, miguu imevimba, presha juu, protini kwenye mkojo, yani dalili zote za kuelekea kifafa cha mimba. Nikafungua kadi ya kliniki nikakuta tangu siku ile hajahudhuria hata mara moja. Nikamuuliza kwa nini, akasema nauli ya boti ilikatika. Dada yake akadakia pale pale, haikukatika, ilikatwa. Mume alisema hawezi kutoa hela kupeleka hospitali tumbo la binti wa tano, na mama mkwe akawa halitaji tumbo kwa heshima yoyote, analiita tu "lile lile". Tulimkimbiza, akafanyiwa upasuaji, yeye na mtoto wakapona, Mungu ni mwema. Lakini mi usiku ule sikulala, na sio usiku ule tu.

Nimeirudia ile siku kichwani mara nyingi sana, na neno linaloniuma hadi leo sio "binti". Ni "tena". Mashine haikusema tena, mi ndo niliongeza. Kwa hilo neno moja nikakaa upande wa mama mkwe kabla hata sijamjua, nikawahesabia wale watoto wanne kama deni na huyu wa tano kama riba. Sikuwa na nia mbaya kabisa, na ndo maana nawaambia vijana wa unesi mliokaa pale mbele mniangalie vizuri, mtu anaweza kumuumiza mgonjwa huku anatabasamu.

Sasa wapo watakaosema basi dawa ni rahisi, tukae kimya wote, mashine isitaje jinsia, iwekwe sheria. Nchi zilizojaribu zipo. India walipitisha sheria mwaka 1994 ya kuzuia kutumia vipimo vya mimba kutafuta jinsia, wakaikaza zaidi mwaka 2003, kila mashine isajiliwe, kila mjamzito anayepimwa ajaziwe fomu, mtaalamu akisema jinsia kwa mdomo au kwa ishara ni kosa. Sababu yao ilikuwa nzito, mimba za watoto wa kike zilikuwa zinatolewa kwa wingi. Sasa angalieni sensa zao za watoto wa chini ya miaka 7, mwaka 2001 walikuta wasichana 927 kwa kila wavulana 1,000, na mwaka 2011, sheria ikiwa na miaka mingi tu, wasichana wakawa 919. Wamepungua. Kwa hiyo ukiziba mdomo wa mpiga picha bado hujagusa moyo wa baba, jicho linakonyeza, mtu anamwona mtu, hela inapita chini ya meza.

Korea Kusini nao 1987 walimkataza daktari kumwambia mzazi jinsia. Mwaka 1990 kule walikuwa wanazaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, wakati kwa kawaida ya Mungu ni kama 105. Baadaye ile hesabu ikashuka ikarudi kwenye kawaida, na mahakama yao ya katiba mwaka 2008 ikasema katazo la moja kwa moja sio sawa, wakaacha katazo la kabla ya wiki 32 tu, na Februari 2024 hata hilo mahakama ikalifuta, kwamba mzazi ana haki ya kujua. Mi nilichojifunza hapo sio habari ya daktari kufunguliwa mdomo. Ni kwamba katikati ya hiyo miaka wanawake walisoma, walifanya kazi za mshahara, na ule utaratibu wao wa ukoo kuandikishwa chini ya mwanaume kama mkuu wa kaya ukafutwa. Binti alipoacha kuwa mgeni kwenye nyumba ya baba yake, ile picha ya tumboni ikapungua makali.

Hapa kwetu ni tofauti na India, lazima niseme wazi nisije nikawapakazia watu. Mi katika kazi yangu sijaona mama wa Mwanza aliyekuja kutoa mimba kwa sababu ni ya binti, na kutoa mimba kwetu ni kosa la jinai isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Tena kwa Wasukuma binti ana sherehe yake, wapo wazee nikiwaambia ni msichana wanapiga makofi wanasema ng'ombe hao wanaingia zizini. Na hilo nalo linanikera, naomba wazee mnisamehe, mtoto hana hata nusu kilo mnamhesabia mahari! Ila sio kitu kile kile na kule. Kwetu mimba inaendelea. Kinachobadilika ni nyumba. Kuanzia wiki ya 20 mpaka mtoto anazaliwa ni miezi minne na nusu, na katika hiyo miezi minne na nusu mama anahitaji nauli, anahitaji kula, anahitaji kupunguziwa kubeba maji, anahitaji mtu wa kumwamsha bodaboda saa nane usiku. Vyote hivyo viko mkononi mwa watu wale wale tuliowatangazia jinsia.

Nendeni kule Mara, ndugu zetu Wakurya wana nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamwoa binti wa watu kwa ajili ya nyumba yake ili yule binti amzalie kidume wa kushika boma. Sisemi hivyo kuwacheka, naelewa kabisa ile hofu ilipotoka, mama anaogopa mume akifa anafukuzwa kwenye shamba alilolilima mwenyewe miaka 30. Hofu hiyo ni ya kweli. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake mwaka 2015 ilishughulikia shauri la wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, waume zao walikufa wakatolewa kwenye nyumba kwa kufuata mila ya Kisukuma iliyoandikwa tangu miaka ya 60, na kamati ikasema nchi yetu iirekebishe hiyo mila. Na kabla ya hapo, hapa hapa Mwanza mjini, Mahakama Kuu, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya bi Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema anaweza, sawasawa na mwanaume, maana katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Nayasema haya kwenye mkutano wa utrasaundi kwa makusudi, kwa sababu baba anayeuliza "ni kidume?" mara nyingi anauliza shamba litabaki na nani, na lile swali limeshajibiwa, jibu halijafika kijijini tu.

Turudi chumbani.

Wavuvi mtanielewa haraka nikieleza ile mashine. Watafiti wanapopita ziwani kukadiria sangara na dagaa wanapeleka sauti chini, sauti inagonga samaki, inarudi, mashine inachora. Utrasaundi ni hivyo hivyo, sauti ambayo sikio halisikii inaingia tumboni, inagonga mfupa na maji na nyama, inarudi, tunaona. Daktari Ian Donald wa Glasgow kule Scotland ndo mmoja wa waliofungua njia, alikuwa jeshini wakati wa vita akazijua habari za rada na sona, mwaka 1955 akaenda kwenye kiwanda cha boila kujaribu mashine iliyokuwa inatafuta nyufa kwenye chuma, akaijaribu kwenye vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakaandika walichokiona. Walikuwa wanatafuta uvimbe tumboni. Na hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliposema kila mjamzito apigwe picha walau mara moja kabla ya wiki 24, sababu zilikuwa kujua umri wa mimba, kugundua mapacha, kugundua mtoto mwenye kasoro, kuepusha mama kuanzishiwa uchungu bure eti mimba imepitiliza, na mama mwenyewe apate huduma ya kumridhisha. Jinsia haimo.

Lakini ukipita barabarani unaona bango, jua jinsia ya mwanao leo, bei poa. Na watu wanaenda kweli. Nimewahi kupokea mama aliyetoka kwenye picha ya namna hiyo wiki kadhaa nyuma, kaambiwa kidume, wamerudi nyumbani wamechinja kuku, majirani wameitwa. Usiku mmoja akaanza kutoka damu, haumwi kitu, damu tu. Nikaomba ile karatasi ya zamani. Imeandikwa Kiingereza na vifupisho, na mstari wa tatu inasema kondo limekaa chini limefunika njia ya kutokea mtoto. Ilikuwa pale! Imeandikwa! Hakuna aliyemsomea. Waliomsomea walimsomea kidume. Mtoto akatolewa kabla ya wakati, akakaa kifuani kwa mama yake wiki nyingi kwa njia ya kangaruu ndo akakua. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta akina mama 104 wanakufa kwa uzazi kwenye kila vizazi hai 100,000, na kutokwa damu na kifafa cha mimba viko kwenye wauaji wakubwa, na hivyo viwili ndo mama zangu hawa wawili niliowasimulia. Kwa hiyo mi nikisema afya isomwe kwanza na jinsia ije mwisho kabisa, mama akiwa ameshakaa kitako na ameshavaa, sisemi kwa ajili ya adabu tu. Mtu akishasikia kidume, masikio yanafunga. Akisikia binti hakumtaka, yanafunga pia. Ukianza na jinsia umejipigia kelele mwenyewe.

Najua mtaniambia, dokta, jinsia ndo inayowaleta, ukikataa kusema hawaji. Kweli, na hilo nimelikubali, mama anayelipa elfu ishirini yake ya kuuza mihogo hajaja kuangalia kondo la nyuma. Na mi sioni aibu yoyote kwa mama kutaka kujua. Anataka kwenda sokoni Makoroboi kununua vinguo mapema hela ikipatikana kidogo kidogo, anataka kulichagua jina, anataka tu kumjua mtu anayempiga mateke usiku. Ni mwili wake na ni mtoto wake, mi nani nimfiche. Kule Kanada mwaka 2012 mhariri wa jarida lao la madaktari alipendekeza jinsia isitajwe kwa mtu yeyote mpaka wiki ya 30. Mi sikubaliani, kwa sababu hapo mnamwadhibu kila mama kwa kosa la baadhi ya nyumba.

Ila kujua ni haki yake YEYE. Sio yangu kutangaza. Na kutokujua nako ni haki yake.

Hapa ndo kwenye kiini, naomba mnivumilie kidogo vijana maana nimelifikiria miaka mingi. Zamani baada ya lile kosa nilianza kumwuliza mama sikioni, unataka nimwambie mzee? Akikataa, mume akiuliza nasema "hajakaa vizuri, haonekani". Nikajiona nimemlinda. Baadaye nikaona nimedanganya, na mgonjwa akishajua kwamba wewe ni mtu wa kudanganya kuhusu kitu kimoja, utamwambiaje moyo wa mtoto uko sawa akuamini? Nikajaribu njia nyingine, nikawa nasema "mama ameomba tusiseme". Hiyo ikawa mbaya zaidi! Mama kafika nyumbani anaulizwa kwa nini umekataa, unaficha nini, ina maana ni wa kike. Ukimpa mama uchaguzi mbele ya watu, uchaguzi wenyewe unamsema.

Sasa nafanya kitu kimoja kwa kila mtu bila kubagua. Jinsia namwambia mama peke yake, mwishoni, mlango umefungwa, na namuuliza kwanza kama anataka. Kila mtu. Awe mke wa mvuvi, awe mke wa mchungaji, awe mke wa daktari mwenzangu, awe amekuja na mume anayempenda kama mboni ya jicho. Utaratibu ukiwa wa wote hakuna mama atakayesutwa kwa sababu ya utaratibu. Akitoka akamwambia mume pale pale kwenye benchi wakakumbatiana, ni furaha yake. Akinyamaza miezi minne, ni siri yake. Akisema haikuonekana, hilo ni la kwake na nyumba yake, mi sitaenda kumsahihisha. Na kwenye karatasi siandiki jinsia, maana karatasi inasomwa na shemeji, inasomwa na mama mkwe kupitia kwa mjukuu aliyefika kidato cha pili, labda daktari awe ameniomba kwa sababu ya ugonjwa, yako magonjwa ya kurithi kama hemofilia, ile ya damu kutoganda, ambayo mara nyingi yanawakamata wavulana, hapo jinsia ni kipimo sio habari.

Na lugha yetu imetusaidia jamani, hili huwa nalipenda sana. Mwingereza akisema neno moja tu la "yeye" ameshatoboa siri, lazima achague la kike au la kiume. Kiswahili naweza kukaa na mama nusu saa, anacheza, ananyonya kidole, amegeuka, moyo wake unadunda vizuri, na bado sijasema kitu. Kisukuma vile vile, ng'wana, yani mtoto, ni ng'wana. Na majina yetu mengine yanatoka kwenye namna mtoto alivyokuja, mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, awe wa kike awe wa kiume. Mababu walikuwa na jina tayari kabla hawajauliza kuna nini katikati ya miguu.

Halafu kuna kukosea. Hili nalisema haraka ila wapiga picha mlisikie. Kabla ya wiki ya 12 kile kisehemu cha mtoto wa kike na wa kiume vinafanana sana, mtu anayekuambia jinsia kwa utrasaundi kwenye wiki ya tisa anabahatisha. Hata wiki ya 20 mrija wa kitovu ukipita katikati ya miguu unaweza kuita kidume, mtoto akikunja miguu huoni kitu. Na ukikosea hapa kwetu mzigo anaubeba nesi wa leba, kwa sababu waliambiwa kidume, wametokewa na binti, sasa wanasema mtoto kabadilishwa. Nimeshaona wodi imejaa ndugu, mkunga analia, anashutumiwa wizi wa mtoto, kumbe kosa lilifanywa miezi mitano nyuma na mtu aliyeogopa kusema "sioni vizuri". Sema sioni. Sio dhambi. Na wapo watoto wachache ambao maumbile yao hayako wazi hata wakizaliwa, hao usiwabahatishie kabisa, mwandikie daktari.

Na kuna moja kwa ajili ya akina mama wakwe, shikamooni mama zangu. Mbegu ya mwanaume ndo inayobeba jinsia. Zipo za aina mbili, X na Y, yai la mama lina X tu siku zote. Ikiwahi yenye Y anakuwa wa kiume, ikiwahi yenye X wa kike, na hata baba mwenyewe hachagui. Kwa hiyo yule mkamwana anayesemwa hajui kuzaa watoto wa kiume anasemwa kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwa mkononi mwake.

Nilipofika hapo mzee mmoja alisimama, mvuvi, mtu wa heshima, akasema: "Dokta nimekusikia, lakini nauli nimetoa mimi, hela ya picha nimetoa mimi, halafu nitolewe nje kama mtoto. Na mi huyo mwanangu nampenda."

Nilimwambia baba, sijakutoa. Dakika za kwanza 20 njoo, kaa kwenye kiti, uone moyo, uone mikono, nikusomee kila nilichokiona kwa Kiswahili, na uulize chochote, kwa sababu ikitokea dharura wewe ndo utabeba. Hela yako imenunua hicho, na ni kikubwa. Nakuomba dakika mbili za mwisho tu. Kwenye hizo dakika mbili kuna wanaume 9 kama wewe ambao hawatamfanya mke wao chochote, na kuna mmoja ambaye atakata nauli, na mi nikiwaangalia usoni siwezi kuwajua, wote mnakuja mmechomekea mashati. Nikamwambia pia kwamba yule baba wa visiwani wala hakuwa katili, nilikuja kuongea naye baadaye, alikuwa mtu aliyeogopa, baba yake mdogo alikuwa ameshamwambia bila kidume kiwanja kinarudi kwa ukoo. Siku hizi yule binti wa tano yuko darasa la kwanza na yeye ndo anampeleka shule asubuhi.

Mzee akauliza, sasa nikitaka kujua nifanyeje? Nikamwambia muulize mkeo usiku, mkiwa wawili, na kabla hujamuuliza panga kwanza utamjibu nini. Akakaa chini. Mkewe alikuwa nyuma yake, alijifunika mdomo kwa khanga.

Basi mashine ya kubeba nimekuja nayo, iko ofisi ya mtaa, umeme upo. Mlio kati ya wiki 18 na 24 ndo tunaanza nao, mje na kadi zenu za kliniki, kunyweni maji kidogo. Akina baba benchi liko chini ya mwembe, mkeo akilala nitakuita uje usikie moyo, halafu nitakuomba utoke kidogo.